Nani Ahesabuye Makombo ya Shaba?

Hapana shaka wako wasomaji wetu wengi ambao hawajapata kulisikia jina la molibdeni, wala hatuwalaumu. Si dhahabu ivaliwayo shingoni, si shaba ifuliwayo nyaya, wala si chuma kijulikanacho na kila mhunzi. Hata hivyo bomba lipitishalo mafuta chini ya bahari, mtambo wa umeme ufanyao kazi katika joto kali, tangi la kiwanda cha dawa lisiloshika kutu, na keekee itoboayo chuma kingine, mara nyingi vimetiwa molibdeni kidogo. Kidogo hicho ndicho kikifanyacho chuma cha pua kiwe kigumu, kivumilie moto na kushindana na kutu. Yenyewe haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,600, hali chuma huyeyuka kabla hakijafika digrii 1,600.

Twaandika juu yake leo kwa kuwa historia ya kampuni kubwa ziichimbazo yafunza jambo ambalo kila mfanya kazi wa mgodini, wa reli na wa bandarini yampasa alijue. Nalo ni hili: katika biashara ya madini, mali haipotei kwa wizi wa usiku tu. Nyingi hupotea mchana kweupe, mbele ya mashahidi, kwa sababu hakuna aliyeihesabu.

Na tuanze kwa kuwataja wenyewe. Mwaka 2023 dunia nzima ilichimba tani 260,000 hivi za molibdeni. Kiasi cha sehemu 4 katika kila 10 kilitoka China. Chile, Peru na Marekani zikafuata, na nyuma yao Mexico. Kampuni iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hii ni Freeport-McMoRan ya Marekani, ambayo mwaka 2024 ilitoa ratili milioni 80 hivi, yaani tani 36,000. Iko Codelco, shirika la serikali ya Chile. Iko Grupo México, ambayo kwa mkono wa kampuni yake ya Southern Copper huchimba Peru na Mexico. Ziko Antofagasta huko Chile na Rio Tinto katika shimo kubwa la Bingham Canyon huko Utah. Na upande wa China iko Jinduicheng ya jimbo la Shaanxi, pamoja na ile ya mji wa Luoyang katika jimbo la Henan, iliyoitwa China Molybdenum mpaka mwaka 2022 na ambayo sasa hujiita CMOC. Majina ni mengi kidogo, lakini meza ni moja, na wenye viti ni wachache.

Molibdeni hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuchimba mlima kwa ajili yake hasa, kama wafanyavyo huko Colorado nchini Marekani, na huko Luanchuan na Jinduicheng nchini China. Njia ya pili, nayo ndiyo itoayo zaidi ya nusu ya molibdeni ya dunia, ni kuipata ndani ya shaba. Mawe ya shaba ya Chile, Peru na Marekani huwa na punje zake, pengine gramu 200 au 300 tu katika tani nzima ya mawe. Mawe hayo husagwa yakawa unga, yakatiwa maji na mafuta maalumu, kisha yakapulizwa hewa. Mapovu hupanda yakiichukua shaba na molibdeni pamoja, na mawe matupu hubaki chini. Unga huo wa thamani ndio uitwao makinikia. Baadaye mtambo wa pili huitenga molibdeni na shaba, na tanuri huichoma ili kuiondoa salfa, ndipo iwe tayari kwenda kiwanda cha chuma.

Wenye migodi huiita molibdeni ya namna hii zao la pembeni. Sisi tutaiita kwa jina la nyumbani: makombo. Lakini haya ni makombo ya ajabu, kwani bei yake yaishinda bei ya chakula chenyewe. Mwaka 2024 ratili moja ya shaba iliuzwa kwa dola 4 na senti zake. Ratili moja ya molibdeni iliuzwa kwa dola 20 hivi.

Sasa msomaji na atazame vizuri. Mgodi wa shaba usipokuwa na mtambo wa pili, molibdeni husafiri ndani ya makinikia kama abiria asiye na tikiti. Mnunuzi mwenye tanuri la shaba hulipa shaba. Hulipa na dhahabu na fedha zilizomo, zikifika kiasi walichopatana. Kwa molibdeni, kwa desturi ya biashara hiyo, halipi kitu. Muuzaji ametoa, mnunuzi amepokea, na katika hati hakuna aliyemdai mwenziwe. Ndiyo maana neno makinikia lilipovuma Tanzania mwaka 2017, serikali ilipoyazuia yasipande meli, swali lililoulizwa lilikuwa swali la haki, hata kama majibu yalizua mabishano: ndani ya kontena hizi mna nini, na ni nani aliyepima?

Makombo haya yana tabia nyingine ambayo mfanya kazi hana budi kuijua, kwani humfikia katika mkate wake. Ili kuieleza, hatuna budi kwenda Colorado.

Huko, karibu na mji wa Leadville, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 3,400, uko mlima uitwao Bartlett. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, chuma cha silaha kilipotakiwa kwa wingi, mlima huo ulianza kuchimbwa na kampuni ya Climax Molybdenum. Kwa miongo mingi mlima huo peke yake ulitoa sehemu kubwa ya molibdeni yote ya dunia. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliungana na American Metal, na jina likaja kuwa AMAX. Mwaka 1993 AMAX ikaungana na Cyprus. Mwaka 1999 Phelps Dodge ikaimeza Cyprus Amax. Mwaka 2007 Freeport ikaimeza Phelps Dodge. Mlima haukusogea hata shubiri moja; hati zake zilizunguka kama sahani ya karamu.

Na wafanya kazi je? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumba za kijiji chao cha Climax ziling'olewa, zikabebwa mpaka Leadville, kwa kuwa kampuni ilikitaka kiwanja. Watu wakazoea makao mapya, wakajenga, wakasomesha watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya molibdeni ilipanda sana, na mgodi ukawa na watu karibu 3,000. Lakini bei ile ile iliyowaneemesha iliwaamsha na wenye migodi ya shaba, wakaongeza mitambo ya kuyatenga makombo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya chuma vikapunguza ununuzi. Bei ikaanguka. Mgodi wa molibdeni tupu hauwezi kuishi bei ikianguka, kwa sababu hauna kitu kingine cha kuuza. Mgodi wa shaba hauna shida hiyo: maadamu shaba yauzika, molibdeni hutoka tu, bei iwe juu au chini. Basi makombo yakaendelea kumiminika sokoni, na watu wa Leadville wakafukuzwa kazi kwa maelfu. Mwaka 1995 mgodi ulisimama kabisa, usitoe kitu tena mpaka mwaka 2012.

Ni nani aliyewafukuza? Hapana shaka karani wa kampuni ndiye aliyetia sahihi barua zao. Lakini aliyekuwa akiijaza soko ile bidhaa yao alikuwa ni mchimba shaba wa nchi nyingine, mtu maskini kama wao, ambaye huenda hakujua hata kwamba jiwe alilolivunja lilikuwa na molibdeni. Mfanya kazi mmoja alimwondoa mwenziwe kazini, na wote wawili hawakujuana. Aliyejua habari za wote wawili ni mwenye daftari, na mara nyingi mwenye daftari alikuwa na hisa pande zote mbili. Hata mwaka 2024, katika ratili milioni 80 za Freeport, zaidi ya nusu zilitoka katika migodi yake ya shaba, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotoka Climax na Henderson, migodi yake miwili ya molibdeni tupu. Yeye huweza kuupunguza mkono mmoja na kuunyoosha mwingine. Mchimbaji ana mikono yake miwili tu.

Chile ilijaribu njia nyingine, nayo yastahili kutazamwa kwa makini. Migodi yake mikubwa, Chuquicamata na El Teniente, ilikuzwa na kutawaliwa na kampuni za Marekani, Anaconda na Kennecott. Serikali ya Eduardo Frei ilianza kwa kununua hisa. Tarehe 11 Julai 1971, chini ya Rais Salvador Allende, Bunge la Chile lilipiga kura kuitwaa migodi hiyo iwe mali ya taifa, wala hakutokea mpinzani hata mmoja, si wa mkono wa kulia wala wa kushoto. Septemba 1973 majeshi yalimpindua Allende. Serikali ya Jenerali Pinochet iliyauza mashirika mengi ya umma. Lakini migodi hiyo haikuthubutu kuirudisha kwa wageni, na mwaka 1976 iliiweka chini ya shirika moja, Codelco. Mali iliyokwisha kuhesabiwa na taifa zima ni vigumu kuificha tena.

Wala Chile haikuishia kuchimba. Kampuni ya Molymet, ya watu binafsi wa nchi hiyo hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1975, imekuwa mchomaji mkubwa wa molibdeni duniani, na ina viwanda mpaka Ulaya na Mexico. Mwaka 2016 Codelco nayo ilifungua kiwanda chake cha kuchoma katika bandari ya Mejillones. Peru, jirani yake, huchimba molibdeni nyingi, lakini makinikia yake mengi hupelekwa kuchomwa nje, na sehemu kubwa huenda huko huko Chile. Nchi mbili zapakana, milima yao ni ya ukoo mmoja, lakini moja ina tanuri na nyingine haina. Mwenye tanuri hulipwa kwa kazi yake, na zaidi ya hayo hujua kwa hakika mzigo wa jirani yake una nini.

Hatupendi kupamba. Kwamba mgodi ni wa taifa si kusema kwamba faida imewafikia wananchi. Kwa miaka mingi sheria ya Chile ilitoa sehemu 10 kwa mia ya mapato ya mauzo ya nje ya Codelco, ikawapa majeshi kununulia silaha, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2019. Watu walikuwa wameupata mlima, lakini mfuko mmoja wa kapu lao ulikuwa mikononi mwa jemadari. Kwa hiyo swali la daftari haliishi siku bendera ipandishwapo juu ya mgodi. Siku hiyo ndipo lianzapo.

Na tuje sasa karibu na nyumbani, mahali ambapo mchimbaji, dereva na mama muuza maandazi husalimiana kwa Kiswahili: Fungurume, katika jimbo la Lualaba, lililokuwa sehemu ya Katanga. Mgodi wa Tenke Fungurume hautoi molibdeni; hutoa shaba na kobalti. Lakini mabwana wake wawili wa miaka hii wote wametoka katika meza ile ile ya molibdeni. Freeport iliupata mwaka 2007 ilipoimeza Phelps Dodge, na uchimbaji ulianza mwaka 2009. Mwaka 2013 Freeport ilinunua kampuni za mafuta ya petroli huko kwao, ikajitwika deni zito sana. Ili kulipunguza deni hilo, mwaka 2016 iliiuza sehemu yake ya Fungurume kwa China Molybdenum kwa dola milioni 2,650. Kampuni kubwa ya molibdeni ya Marekani ilimwuzia mwenziwe wa China ardhi ya Wakongo, kwa sababu ya visima vya mafuta ambavyo hakuna Mkongo aliyepata kuviona.

Shirika la serikali ya Kongo, Gécamines, lilikuwa na hisa 20 kwa mia katika mgodi huo. Lililalamika kwamba mauzo yalipangwa bila ya kushirikishwa, na Januari 2017 wakapatana. Miaka michache baadaye likazuka jambo kubwa zaidi: Gécamines ilidai kwamba kampuni haikutangaza akiba yote ya madini iliyogunduliwa, na kwa hiyo haikulipa haki yote. Kampuni ilikanusha. Julai 2022 shaba na kobalti ya Fungurume ikazuiliwa isitoke nchini. Aprili 2023 walisuluhishwa: kampuni ilikubali kuilipa Gécamines dola milioni 800 katika muda wa miaka 6, na gawio la dola milioni 1,200 kwa uchache katika maisha ya mgodi. Hatusemi ni nani aliyekuwa na haki, kwani hatukuwa mezani. Lakini twauliza: kama kilichomo ardhini kingalipimwa na mwenye ardhi tangu mwanzo, ugomvi huo ungalitoka wapi?

Na huko Fungurume makombo ni nini? Ni kobalti. Hutoka pamoja na shaba, kama molibdeni itokavyo na shaba ya Chile. Mwaka 2023 CMOC ilipata kuwa mtoaji mkubwa wa kobalti kuliko kampuni yoyote duniani, kwa kuwa ilipanua uchimbaji wa shaba, na kobalti ikafuata. Bei ya kobalti ikaanguka vibaya. Ni kisa kile kile cha Leadville, kimevaa nguo nyingine: makombo hayasikii bei. Safari hii aliyeumia alikuwa ni Kongo nzima, itoayo kobalti kuliko nchi zote.

Katika mwezi mmoja, Februari 2025, nchi mbili zilichukua hatua. China ilitangaza kwamba baadhi ya bidhaa za molibdeni, pamoja na za madini mengine machache, hazitatoka nchini bila ya kibali cha serikali. Kongo ilisimamisha mauzo yote ya kobalti nje, na tangu Oktoba mwaka huo ikaanza kuyatoa kwa mafungu. Hatua hizo zafanana kwa sura, lakini nguvu zake si sawa. China huchimba molibdeni, huichoma, na viwanda vyake vya chuma huila. Ikifunga mlango, mali hubaki ndani ikifanya kazi. Kongo ikifunga mlango, kobalti hukaa ghalani, kwani mwenye kiwanda cha kuisafisha yuko China. Hatuidharau hatua ya Kongo. Kwa kweli twaisifu, kwani nchi imeanza kuyahesabu makombo yake. Twasema tu kwamba daftari bila tanuri ni nusu ya safari.

Wako watakaotuambia: nchi changa hazina mtaji, na mgeni akikasirika ataondoka. Mtaji twautaka, na mgeni ajaye kwa haki twampokea. Lakini mgeni huyo haondoki kwa urahisi hivyo. Mwaka 2016 aliyeondoka Fungurume aliondoka kwa deni lake mwenyewe, na siku ile ile alikuwapo wa kukaa mahali pake. Wanunuzi wa mlima hawakosekani. Kinachokosekana ni mwenye mlima ajuaye kilichomo.

Tena yako mambo ya kukumbukwa. Mwaka 1967 nchi za Chile, Peru, Zambia na Kongo zilikutana Lusaka zikaanzisha umoja wa nchi ziuzazo shaba. Umoja huo haukufaulu kuizuia bei isianguke, na mwaka 1988 ulivunjwa. Wengine huutaja kama dhihaka. Sisi twauona kama kazi iliyoachwa njiani. Walioshindwa walikuwa wakijaribu kuishika bei, jambo gumu kuliko yote. Kuhesabu ni rahisi zaidi kuliko kushika bei, na hakumhitaji mtu kibali cha soko la London.

Basi, kwa maoni yetu, yako matatu yapasayo kudaiwa katika kila mkataba wa madini. La kwanza, kila kitu kilichomo katika makinikia kipimwe na maabara ya nchi yenyewe, na kila chenye bei kiandikwe, kiwe kikubwa au kiwe makombo. La pili, wakati wa kuhesabu uhai wa mgodi, swali la tanuri liulizwe mapema: ni nani atakayechoma, wapi, na kwa muda gani mwingine tutaendelea kuuza unga? La tatu, mgodi usiuzwe na bwana mmoja kwa bwana mwingine bila ya mwenye ardhi na wafanya kazi kuarifiwa kabla ya sahihi kutiwa.

Na kwa vyama vya wafanya kazi twaongeza neno. Mchimbaji wa Fungurume, wa Calama, wa Leadville na wa Luanchuan hula katika sufuria moja bila ya kuonana. Mmoja akiongezewa kazi, mwingine hupunguziwa. Waandikiane. Waambiane mishahara, ajali na bei. Wenye kampuni huambiana mambo hayo kila asubuhi.

Dereva apitaye Kasumbalesa na shaba ya Lualaba, akavuka Zambia, akaingia Tunduma na kuushusha mzigo bandarini Dar es Salaam, huulizwa hati njia nzima. Akikosa karatasi moja hulala barabarani. Yeye mtu mdogo hudaiwa hesabu ya kila kilo. Hatuoni kwa nini wakubwa wadaiwe pungufu ya hiyo.

Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari. Mlima hauondoki. Kiondokacho ni kilichomo ndani yake, nacho huondoka mara moja tu.